Kofia ya Kuchomelea: Tazama Kioo Kabla ya Bei

Katika makambi yetu na katika nyumba za askari polisi wamo watu wengi ambao, wakishavua sare na kupumzika kidogo, hushika kazi za mikono. Huyu hushona, yule hufuga kuku, na mwingine hununua mashine ndogo ya kuchomelea vyuma ili ajitengenezee kitanda, mlango wa banda au jiko la makaa. Kazi hii ni njema. Huokoa fedha za nyumba, humfundisha kijana ufundi, na kwa askari anayekaribia kustaafu huweza kuwa mwanzo wa riziki ya baadaye. Lakini mara nyingi mtu huyo huyo aliyetoa fedha nyingi kununua mashine hupita sokoni akanunua miwani ya jua, akaivaa, akaanza kazi. Juma hili basi tutazungumza juu ya namna ya kuchagua kofia ya kuchomelea iliyo ya bei nafuu, nayo ikayalinda macho kweli.

Neno letu la msingi ni hili: si lazima kununua kofia ya bei kubwa. Kofia ya kawaida yenye kioo cheusi kisichobadilika, ikiwa kioo hicho ni cha namba inayofaa, humlinda mtu sawasawa na ile ya bei mara nyingi zaidi. Ukitaka kupunguza gharama, punguza katika mambo mengine. Katika kioo usipunguze.

MWANGA ULE NI WA NAMNA GANI

Umeme unaporuka kutoka ncha ya fimbo kwenda kwenye chuma hutoa mionzi ya namna tatu. Ya kwanza ni mwanga tunaouona, ambao ukali wake huumiza sehemu ya nyuma ya jicho. Ya pili ni mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana, ambayo huunguza uso wa jicho na ngozi. Ya tatu ni mionzi ya joto, nayo pia haionekani, na kwa miaka mingi huweza kuleta mtoto wa jicho.

Mionzi ya urujuanimno ndiyo inayowadanganya watu. Mtu hahisi kitu akiwa kazini. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, pengine 6 au hata 12, aghalabu usiku wakati amekwisha lala. Macho huwa kama yaliyojaa mchanga, hutoa machozi, hayavumilii taa. Askari aliyepangiwa lindo usiku huo hafai kitu, na dereva hawezi kukabidhiwa gari. Zaidi ya hayo, mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka mionzi ya urujuanimno itokayo katika kuchomelea, pamoja na moshi wa kazi hiyo, katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwaletea binadamu saratani.

Sasa tuitazame miwani ya jua. Miwani nyeusi ya kawaida hupitisha sehemu kati ya 8 na 18 za mwanga katika kila 100. Kioo cha kuchomelea cha namba 10 hupitisha chini ya sehemu 2 katika kila 10,000. Hata ukivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, hukaribii namba hiyo. Tena miwani huacha wazi pembe za macho, mashavu na shingo. Na ikiwa ni ile ya bei duni isiyozuia urujuanimno, madhara huzidi, kwa kuwa giza lake hufanya mboni ipanuke na kuipokea mionzi kwa wingi.

NAMBA YA KIOO

Kila kioo halali cha kuchomelea kimeandikwa namba ya giza lake. Kila namba moja unayopanda, mwanga unaopita hubaki theluthi moja na kidogo ya ule wa namba iliyotangulia. Kwa hiyo tofauti ya namba mbili au tatu si jambo dogo.

Mashine ndogo za nyumbani zinazotumia fimbo aghalabu huendeshwa kati ya ampea 60 na 160. Kwa nguvu hiyo kioo kisipungue namba 8, na kinachopendekezwa ni namba 10. Kuanzia ampea 160 hadi 250 kisipungue namba 10, na inayopendekezwa ni 12. Fimbo ya milimita 2.5, ambayo wengi huitumia kwa vyuma vyembamba, huhitaji takriban ampea 70 hadi 100. Namba 10 yaitosha. Kwa fimbo ya milimita 3.2 chukua namba 10 au 11. Kanuni ni kuanza na kioo chenye giza zaidi, kisha ushuke namba moja moja hadi ukione vizuri chuma kinachoyeyuka, bila kushuka chini ya kiwango cha chini kabisa.

Wapo wanaodhani kwamba giza likizidi ndipo usalama unapozidi. Sivyo. Asiyeona mstari wake huinama karibu mno, hukosea, kisha huinua kofia ili achungulie. Na hapo ndipo anapochomwa macho.

Jihadhari pia na miwani ya mafundi wa gesi iuzwayo katika masoko ya vitu vilivyotumika. Mara nyingi kioo chake ni namba 5, ambacho hupitisha takriban sehemu 2 za mwanga katika kila 100. Kwa moto wa gesi chafaa. Kwa umeme hakifai kabisa.

YA KAWAIDA AU YA KUJITIA GIZA

Tangu mwaka 1981, kilipotolewa nchini Uswidi kioo kilichoitwa Speedglas, zimekuwapo kofia ambazo kioo chake hujitia giza chenyewe mara mwanga wa umeme unapowaka. Faida yake ni kwamba fundi huona mahali anapoanzia, na haimlazimu kuinua na kushusha kofia kila mara. Kwa anayejifunza ni msaada mkubwa. Siku hizi zipo za bei ndogo, lakini hapana budi kuzichunguza.

Kwanza, tafuta maandishi ya kanuni iliyotumika kukipima kioo. Vya Ulaya huandikwa EN 379, na vilivyo vipya zaidi EN ISO 16321. Vya Marekani huandikwa Z87. Vyenye EN 379 huwa na tarakimu nne, mathalani 1/1/1/2. Tarakimu 1 ndiyo bora na 3 ndiyo duni. Kofia isiyo na jina la mtengenezaji, wala namba, wala karatasi ya maelezo, iache hapo hapo dukani, kwa kuwa alama peke yake huweza kubandikwa na yeyote.

Pili, uliza habari za betri. Nyingine zina betri iliyofungiwa ndani. Ikifa, kioo chote hutupwa. Ni afadhali ile ambayo betri yake hubadilishwa. Tatu, hesabu vijicho vinavyohisi mwanga mbele ya kioo. Viwili vyatosha kwa kazi ya mezani; lakini ukichomelea chini ya gari au nyuma ya bomba, kitu huweza kuvikinga visiuone moto, na kioo kikakosa kugeuka. Nne, kijaribu kila siku kabla ya kazi, kwa kitufe cha majaribio kama kipo. Kioo halali huzuia urujuanimno na joto hata betri ikiwa imekufa, lakini ukali wa mwanga hakiuzuii. Ukiona kimechelewa au kinapepesa, acha kazi mara moja.

Kofia ya kawaida haina betri, haina vijicho, na haiharibiki upesi. Taabu yake ni moja: lazima mtu ajizoeze. Weka ncha ya fimbo karibu na mahali pa kuanzia, tuliza mkono, tikisa kichwa kofia ishuke, kisha washa. Mazoezi ya siku chache kwenye vipande vya chuma hutosha. Anayechomelea mara moja kwa mwezi hana sababu ya kuionea haya kofia hii.

UKIFIKA DUKANI

Ivae kofia, usiitazame tu mkononi. Iinue na kuishusha mara kadhaa. Ikikaza kichwa au ikianguka yenyewe, jaribu nyingine. Ifunike sura kuanzia paji la uso hadi kooni, na pande zote hadi masikioni. Igeuzie kwenye jua huku ukichungulia ndani bila kuivaa: mwanga usipenye pembeni mwa kioo wala katika nyufa. Kwa kioo cheusi cha namba 10, ukitazama taa ya kawaida ya nyumbani, usione vitu vya chumbani, bali mng'ao hafifu wa taa peke yake. Usikijaribu kwa kulitazama jua.

Pima pia ukubwa wa kioo. Kilichoenea sana ni cha milimita 51 kwa 108. Ukichagua kofia yenye kioo cha kipimo kigeni, huenda usipate cha kubadilishia. Nunua pamoja nacho vioo vyeupe vya kukinga, maana matone ya chuma hurukia mbele, na ni heri yaharibu kioo cheupe cha bei ndogo kuliko kile cheusi. Kioo cheusi kikipasuka, hakifai tena hata kama ufa ni mwembamba kama unywele.

Aliyepita miaka 40 na anayesoma kwa miwani aivae miwani yake ndani ya kofia, kwani chuma kinachoyeyuka hutazamwa kwa karibu kama kitabu. Na aliye karibu na Kampala aweza kwenda Katwe, mahali panapojulikana kwa kazi za vyuma, akamwomba fundi mzoefu amwonyeshe kofia anayoitumia na sababu ya kuipenda.

WALIO KARIBU NAWE

Kofia humlinda aliyeivaa tu. Katika nyumba zetu zilizosongamana, mtoto husimama akatazama, mama hupita na ndoo ya maji, jirani huchungulia dirishani. Mwanga huo hudunda pia kwenye ukuta mweupe na bati jipya, ukaingia nyuma ya kofia. Weka kizuizi cha bati kuukuu au turubai nene la pamba, na uwaonye watu kwa sauti kabla ya kuwasha. Kijana anayekushikia chuma lazima awe na ngao yake ya mkono yenye kioo cha namba ile ile; kumwambia afumbe macho si ulinzi.

Vaa nguo ya pamba yenye mikono mirefu na ukosi uliofungwa, wala si ya nailoni inayoyeyuka mwilini. Kofia haizuii moshi. Fanya kazi mahali penye hewa, moshi ukipita pembeni mwa uso wako, na usichomelee bati lenye zinki kabla ya kuiondoa zinki mahali pa kuungia. Chini ya kofia vaa miwani myeupe ya kinga, maana unapoinua kofia kugonga gaga la fimbo, vipande vya moto huruka.

MACHO YAKISHACHOMWA

Usiyasugue. Kaa mahali penye giza, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, umeze dawa ya kawaida ya maumivu, na ufike zahanati. Usitie maziwa, wala maji ya majani ya chai, wala kipande cha kiazi. Vitu hivyo huweza kuingiza vijidudu katika jicho lililojeruhiwa. Wala usinunue matone ya kufisha ganzi ukayatumia nyumbani. Huondoa maumivu, lakini huchelewesha kidonda kupona na huweza kuliharibu jicho kabisa. Kwa kawaida maumivu hutulia kwa siku moja au mbili. Yakizidi hapo, au ukiona ukungu, au kama kipande cha chuma kimeingia jichoni, nenda hospitali bila kukawia.

Kwa hiyo, fedha zikiwa chache, zipange hivi: kwanza kofia ya kawaida yenye kioo cha namba inayofaa, pili vioo vyeupe vya akiba na miwani ya kinga, tatu glavu za ngozi, nne ngao ya msaidizi. Zikibaki, hapo ndipo ufikirie kofia ya kujitia giza. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Chungu kikivunjika hununuliwa kingine, lakini jicho halina duka. Hadi juma lijalo, tunawatakia kazi njema na macho mazima.