Silaha Zitajwe kwa Majina Yake

Tarehe 30 Aprili, 1994, kundi la wauaji lililoongozwa na Yusuf Munyakazi liliwashambulia Watutsi waliokimbilia parokia ya Mibirizi, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Cyangugu, nchini Rwanda. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu Munyakazi kifungo cha miaka 25.

Hukumu za namna hiyo hutegemea sana maneno ya mashahidi. Shahidi huulizwa: nani alikuja, alichukua silaha gani, akafanya nini? Neno moja likitumiwa ovyo, ukweli wote huyumba.

Tuchukue neno risasi. Mara nyingi husemwa kwamba "risasi zimeokotwa", ilhali kilichookotwa ni maganda matupu. Yafaa ieleweke kwamba kile kinachopakiwa katika bunduki za siku hizi kina sehemu nne: ganda, fataki, baruti, na risasi yenyewe. Bunduki ikifyatuliwa, risasi huenda zake; ganda, kwa bunduki nyingi za vita, huangukia karibu na mpigaji. Basi ganda huonyesha aliposimama mwuaji, na risasi iliyonasa ukutani huonyesha alikoelekeza mtutu. Anayeviita vyote viwili risasi amefuta nusu ya ushahidi.

Kosa la pili limo katika maneno silaha ndogo na silaha nyepesi, ambayo wengi huyadhani kuwa ni kitu kimoja. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Rwanda ni mmoja wa watia saini wake, imeyatenga. Silaha ndogo ni ya kutumiwa na mtu mmoja, kama bastola na bunduki ya begani. Silaha nyepesi hutumiwa na watu kadhaa kwa pamoja, kama bombomu kubwa. Udogo huo ni wa umbo, wala si wa madhara. Wananchi wasidanganyike na jina.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Kwa hiyo waandishi wa habari, wakalimani na askari polisi wanaokitumia hawana budi kujifunza maneno haya na kuyatumia kwa uangalifu. Marehemu wa Mibirizi hawawezi kutusahihisha tukikosea. Wajibu huo ni wetu sisi tulio hai.