Msiitupe hiyo kompyuta, ipunguzieni mzigo!

Sisi huku Khuwair ya Kusini wazima, joto ndio lile lile na vumbi halijatupa nafasi.

Leo nina neno moja, na najua kuna watu litawachoma kidogo. Tangu Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, simu zinazotoka nyumbani zina mambo mawili: kwanza habari za afya, pili "tuletee kompyuta mpya, hii imeshachoka". Jamani, mimi nasema hapana. Si ubahili, nisikilizeni kwanza.

Hesabu mnayoipiga naijua. Riali moja ya Omani imefungwa kwenye dola 2.6 tangu 1986, basi mtu akiigeuza kuwa shilingi anaona huku tunaoga pesa. Lakini kodi ya nyumba nailipa kwa riali hiyo hiyo, petroli kwa riali hiyo hiyo, na maduka ya kompyuta ya Ruwi nayo hayajui shilingi. Pesa ya kompyuta moja mpya ya maana inalipa tuisheni ya mtoto kwa muda mrefu, au inaezeka paa la nyuma ambalo tunalizungumza kila masika. Kwa hiyo kabla hatujanunua, tuulizane: hiyo iliyopo sebuleni ina maradhi gani hasa?

Kwa maelezo yenu mashine inawaka, kioo kizima, kibodi nzima. Tatizo ni kwamba ukiiwasha unaweza kupika chai ukanywa ukamaliza, ndio inakubali kufungua barua. Hayo si maradhi ya uzee. Ni mzigo. Kila programu iliyowahi kuwekwa humo, ya kupiga simu, ya printa iliyokufa zamani, ya muziki, imejiandikisha iamke pamoja na kompyuta. Ni sawa na daladala ambayo kila abiria aliyewahi kupanda hajashuka.

Dawa ya kwanza haina gharama. Kwenye Windows 10 bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungueni ukurasa ulioandikwa Startup, na zimeni kila kisichohitajika asubuhi. Kinga ya virusi iacheni. Hamfuti kitu, mnakiambia kisubiri mpaka kiitwe. Kwa ami dukani, ambaye bado anaweka hesabu kwenye Windows XP, ni kuandika msconfig kwenye Run, kazi ni ile ile.

Dawa ya pili ni nafasi. Diski ikijaa mpaka pomoni, mfumo hauna pa kupumulia, maana unaitumia diski kama kumbukumbu ya ziada kila RAM inapojaa. Hamisheni filamu, futeni taka. Lakini subirini! Kabla hamjagusa chochote, nakilini picha. Picha za harusi na za marehemu babu zimo kwenye diski hiyo moja tu, hazipo pengine popote. Nunueni diski ya nje au flashi mbili, nakilini mara mbili, moja iwekwe nyumba nyengine. Kompyuta inanunulika, babu hanunuliki.

Dawa ya tatu ni brashi. Huku Maskati vumbi la jangwani linaingia hata dirisha likifungwa, na nyumbani kuna vumbi la barabara na chumvi ya bahari. Feni ikizibwa, kompyuta inapata joto, na prosesa ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Zimeni, chomoeni waya ukutani, fungueni ubavu, na pitisheni brashi laini kavu taratibu. Kuna kompyuta zimepelekwa kwa fundi zikiitwa mbovu kumbe zimevaa sweta la vumbi.

Sasa tuje kwenye mapambo, maana hapa ndipo vijana tunapogombana nao. Naelewa, hata sisi tulikuwa hivyo. Windows XP ilipotoka 2001 na ule mlima wake wa kijani (ni picha ya kweli, alipiga Charles O'Rear huko California mwaka 1996), kila mtu alitaka yake iwe tofauti: mshale wa kipanya unaomwaga nyota, saa inayozunguka, samaki wanaoogelea kioo kikitulia. Vingi vya bure vilikuja na wapelelezi ndani yake, na kompyuta ikawa inapumua kwa shida. Halafu ikaja Vista, Januari 2007, na vioo vyake vya kung'aa, ikataka angalau megabaiti 512 za RAM wakati XP ilikubali kuanza na 64. Wengi walirudi XP mbio.

Msimamo wangu ni huu: kasi kwanza, pambo baadaye. Ndani ya mipangilio ya mfumo mna sehemu ya utendaji ambapo unaweza kuzima vivuli, madirisha yanayoteleza na mbwembwe zote kwa mpigo mmoja. Acheni kitu kimoja tu, ulaini wa kingo za herufi, ili macho yasiumie. Kwenye RAM ya gigabaiti 4 mtaiona tofauti.

Na kama mnataka kuipamba kweli, ipambeni kwa lugha yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili kitupu. Microsoft nao walitoa pakiti ya Kiswahili kwa XP, na kwenye Windows 10 Kiswahili kimo katika orodha ya lugha, ni kuchagua tu. Kuzeni na herufi. Bibi anayeogopa "kuharibu kitu" atakaa mbele ya kioo akijisomea mwenyewe bila kumwita mjukuu. Pambo hilo lina faida kuliko nyota mia za kipanya.

Kuna mambo mawili nawakataza. Moja, zile programu za kusafisha "registry" zinazoahidi kasi mara kumi. Kasi haiongezeki, na zikifuta pasipo pake mfumo hauwaki. La pili, Windows za kuvunjwa kufuli mnazonakiliwa mitaani bure. Aliyeivunja kufuli hakufanya kwa ajili ya thawabu. Neno lenu la siri la benki ya simu linapita hapo hapo.

Sasa atatokea mjanja aniambie, "Kumbe kizee ni kizuri, basi tubaki na XP yetu mpaka kiama." La hasha. Mashine ya zamani ni jambo moja, mfumo usiohudumiwa ni jambo jengine. XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Tangu hapo mwizi akigundua tundu jipya, hakuna wa kuliziba kama kawaida. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza ziliahirisha wagonjwa, na kilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilishatolewa miezi miwili kabla kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa. Hivyo XP ya ami ibaki na hesabu zake, lakini waya wa intaneti usiiguse, na flashi za wateja zisichomekwe humo.

Ya sebuleni je? Windows 11 inataka kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa zilizoanza kutoka mwaka 2017 hivi. Yenu ni ya kabla ya hapo, kwa hiyo mlango umefungwa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa, si kwa sababu ya nguvu. Hili ndilo linaloniudhi. Kompyuta nzima kabisa zimeambiwa nendeni jalalani, na majalala hayo tunayajua yako upande gani wa dunia.

Njia zipo mbili. Kwanza, Microsoft walitangaza mwaka mmoja wa ziada wa viraka kwa Windows 10 za nyumbani, hadi 13 Oktoba 2026, lakini lazima mjiandikishe. Hiyo ni ya kuvutia muda tu. Njia ya pili, ninayoipendelea, ni Linux Mint ya Xfce: bure, inahudumiwa, inaanza na RAM ya gigabaiti 2, na inafanana na Windows kiasi cha kutowapoteza. Inawashwa kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, mkaionja siku mbili tatu. Kazi za skuli, barua, video za Qur'ani na mpira, vyote vinakwenda. Programu za Windows peke yake ndizo zitagoma, kwa hiyo orodhesheni mnazozitumia kweli kabla hamjahama.

Nami sikukunja mikono. Msafiri wa kwanza nitakayempata nitampa SSD moja na kipande cha RAM, vitu viwili vinavyoenea kwenye bahasha. Hiyo diski inayozunguka ndani ya kompyuta yenu ndiyo kitu kizito kuliko vyote. Ikibadilishwa, mtaniuliza kama nimewaletea mashine nyengine. Fundi wa pale Darajani ataiweka ndani ya saa moja.

Pesa itakayobaki najua inakokwenda: mabati. Masika hayasubiri mtu.

Wasalaam, na mnisalimie wote. Picha nakilini leo, si kesho!