Mtoto Atasoma Wapi? Swali la Kuulizwa Kabla ya Nikahi



Mada ya leo haina hina wala udi ndani yake, lakini naomba muisome mpaka mwisho, hasa nyinyi mliochumbiwa na vijana wanaoishi Marekani. Posa zetu tunazijua. Tunazungumza mahari, seti ya dhahabu, siku ya nikahi, viza na tiketi. Makungwi nao wanamfunda mwari namna ya kuishi na mume. Anapofika kwake, akajaaliwa mtoto, mtoto akatimiza miaka mitano, ndipo mke na mume wanapoanza kuulizana: huyu tumpeleke skuli gani? Wakati huo kila mmoja ana jibu lake, na mfuko una la kwake.

Huko Marekani skuli ya serikali ni bure. Mtoto wako anaweza kusali kwa nafsi yake, anaweza kuvaa mtandio, lakini mwalimu haruhusiwi kumsomesha dini. Anayetaka mwanawe asome hisabati na Qur'ani chini ya paa moja atampeleka skuli binafsi ya Kiislamu, na ada yake ni maelfu ya dola kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Ukiwa na watatu, piga hesabu mwenyewe. Familia nyingi hutaka hivyo zikashindwa, zikabaki na chuo cha mwisho wa wiki.

Sasa kuna sheria mpya. Mwezi wa Julai 2025 serikali kuu ya Marekani ilipitisha nafuu ya kodi kwa watu wanaochangia masomo, na itaanza kutumika Januari 2027. Kwa ufupi inakwenda hivi. Mtu anatoa mchango wake kwa shirika lililosajiliwa kutoa ufadhili wa masomo, mwisho dola 1,700 kwa mwaka. Kiasi hicho hicho kinapunguzwa katika kodi yake ya mapato anayodaiwa na serikali kuu. Kama alikuwa anadaiwa dola 4,000 na amechangia 1,700, atalipa 2,300. Si kama misamaha mingine tuliyoizoea kusikia, ambayo hupunguza tu kile kipato kinachotozwa kodi. Kwa utaratibu huo wa kawaida, mtu wa kiwango cha asilimia 12 akitoa 1,700 angeokoa dola 204 tu. Hapa anarejeshewa yote.

Shirika nalo lina masharti. Lazima lisaidie watoto kumi au zaidi, na wasiwe wote wa skuli moja. Angalau asilimia 90 ya mapato yake iende kwenye ufadhili. Familia inayosaidiwa isizidi mara tatu ya kipato cha kati cha eneo lake. Na kila jimbo linaamua lenyewe kama litajiunga au halitajiunga, kwa hiyo anayeishi jimbo lililokataa, mwanawe hatafaidika.

Jambo lenyewe si geni. Arizona ilianza nafuu ya namna hii katika kodi ya jimbo tangu 1997, Pennsylvania na Florida zikafuata 2001. Ohio, ambako mji wa Columbus una Waislamu wengi waliotoka Afrika Mashariki, ina njia nyingine: vocha zinazolipa ada moja kwa moja. Tangu 2023 familia ya kipato chochote huko inaweza kuomba, ila kadiri kipato kinavyopanda ndivyo kiasi kinavyopungua.

Napenda tujue pia kwamba mlango huu haukufunguka wenyewe. Mwaka 1922 jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kuwalazimisha takriban watoto wote kusoma skuli za serikali tu. Waliokwenda mahakamani ni watawa wa kike wa Kikatoliki waliokuwa na skuli zao, na mwaka 1925 Mahakama ya Juu iliwapa haki: mzazi ana hiari ya kuchagua skuli ya mwanawe. Miaka michache baadaye, huko Detroit, Clara Muhammad aliwasomesha watoto nyumbani badala ya kuwapeleka skuli ya serikali. Jumuiya yake ya wakati ule ilikuwa na itikadi zisizokuwa za Ahlus-Sunna, lakini baada ya 1975 mwanawe, Warith Deen Mohammed, aliirejesha jamii ile kwenye Uislamu tunaoujua, na skuli zao zikaitwa kwa jina la mama yake mpaka leo. Na mwaka 2020, Kendra Espinoza, mama wa Montana aliyekuwa akilea mabinti wawili peke yake, alishinda katika Mahakama ya Juu. Jimbo lilikuwa limezuia ufadhili uliotokana na nafuu ya kodi usitumike kwenye skuli za dini. Mahakama ikasema jimbo halilazimiki kusaidia skuli binafsi, lakini likishaamua kusaidia, haliwezi kuzibagua kwa sababu ni za dini.

Hawa wote ni wanawake, na si wote wa dini yetu, lakini haki waliyoipigania imetufikia na sisi. Wapo waliodhani haitatufikia. Mwaka 2012 mbunge mmoja wa jimbo la Louisiana aliunga mkono vocha za skuli za dini, kisha akarudi nyuma alipogundua kuwa skuli ya Kiislamu nayo inaweza kuomba. Basi dada zangu, tusidhani kila anayepiga kelele za uhuru wa mzazi kuchagua skuli ana sisi moyoni. Sheria inasema wote. Kuhakikisha kwamba wote ni wote ni kazi yetu wenyewe.

Mimi rai yangu ni kwamba tuitumie nafuu hii. Lakini tuitumie tukijua ni nini, kwa sababu naona hatari moja ambayo haitatoka serikalini wala kwa wanaotuchukia. Itatoka kwetu.

Hatari yenyewe ni kuiita sadaka. Ukitoa dola 1,700, kisha serikali ikakupunguzia 1,700, mfuko wako haukupungua hata senti. Umefanya jambo jema, umehangaika, umejaza fomu, na Mwenyezi Mungu halipotezi jema la mtu. Lakini kilichotoka ni kodi iliyokuwa iende hazina ya nchi, na wewe umepewa fursa ya kuielekeza kwa watoto. Hiyo ni amana. Mwenye amana haulizi kwanza, "Mwanangu atapata ngapi?" Anauliza, "Nani anastahiki?"

Na isihesabiwe katika zaka hata kidogo. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut-Tawba, na ni mali inayotoka kwako bila kurudi. Mwenye shaka amuulize sheikh anayemwamini, lakini mimi ningeona haya kumwambia Mola wangu nimetoa zaka kwa pesa niliyorudishiwa mwisho wa mwaka.

Amana hiyo ina mtihani wake. Sheria inakataza shirika kutenga mchango wako kwa ajili ya mtoto fulani. Huwezi kusema, "Chukueni hii mumpe Zuhura wangu." Sasa sisi tunajuana. Hazitakosekana akili za kusema, wewe changia wangu apate, na mimi nichangie wako apate, tuwe kama tunacheza upatu. Upatu ni mzuri kwa vyombo na kwa harusi. Hapa ni hila, na skuli ya dini inayosimama juu ya hila itamfundisha nini mtoto?

Angalieni tena nani atafaidika na nani ataachwa. Nafuu hii hupunguza kodi unayodaiwa tu. Dada anayefanya usafi hotelini, mwenye watoto wanne, pengine hadaiwi kodi ya mapato ya serikali kuu kabisa, kwa hiyo hana cha kupunguziwa na haitamfaa kuchangia. Lakini watoto wake ndio hasa wanaostahiki ufadhili. Kikomo cha mara tatu ya kipato cha kati ni kikubwa. Daktari anaweza asiingie, lakini familia yenye maisha mazuri inaingia. Tusipokuwa na utaratibu, wenye kujua fomu ndio watakaojaza mapema, na yule wa hotelini atasikia habari msikitini baada ya pesa kwisha. Ndiyo maana nasema kila jumuiya itakayoanzisha shirika iweke wazi tangu mwanzo kwamba yatima, watoto wa wajane na wenye kipato cha chini wanatangulia. Na kina mama wawe ndani ya kamati, si jikoni siku ya harambee peke yake.

Wapo wenzetu wanaopinga nafuu hii kabisa, na wana hoja. Wanasema pesa hii ni kodi ambayo ingehudumia watoto wote, na skuli binafsi zinachagua nani wa kumpokea. Hili la kuchagua ni la kweli, na limewaumiza wengi. Mtoto mwenye ulemavu katika skuli ya serikali ana haki ya kisheria ya kupata elimu inayomfaa. Mzazi akimhamishia skuli binafsi kwa hiari yake, haki hiyo haimfuati kama ilivyokuwa. Mama mwenye mtoto wa usonji anaweza kukuta skuli ya Kiislamu inamwambia kwa upole, "Hatuna mwalimu wake." Ninalowajibu wapingaji ni kwamba sheria hii inaruhusu ufadhili ulipie pia masomo ya ziada, vitabu na mahitaji maalumu ya mtoto, akiwemo anayesoma skuli ya serikali. Kwa hivyo shirika la Waislamu lisijifunge kwenye ada peke yake. Na yule anayehamisha mwanawe asiisahau skuli ya mtaani kwake. Watoto wengi wa Kiislamu bado wamo humo, na watabaki humo.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa haya upya. Tuna neno letu, wakfu. Katika mji wetu mkongwe wapo wanawake walioweka nyumba na misikiti wakfu, wakafa, na watu wakaendelea kufaidika. Walitoa mali iliyokuwa yao kwa watoto wasiokuwa wao. Anayekwenda kuishi ughaibuni achukue na hilo katika sanduku lake, pamoja na mkaja na udi.

Kwako biharusi, fanya haya kabla ya nikahi. Muulize mchumba wako, kwa adabu na bila kumbana: jimbo tutakaloishi limejiunga na nafuu hii? Mjini kwenu kuna skuli ya Kiislamu, na ada yake ni ngapi? Kuna shirika la Waislamu linalotoa ufadhili, na nani anaisimamia kamati yake? Tukikosa ufadhili mpango wetu ni upi: skuli ya serikali na chuo cha jioni, au kumsomesha nyumbani? Na nani atafanya kazi hiyo? Kama jibu la mwisho ni wewe, bora ulijue leo kuliko kulijua ukiwa na mimba ya pili na kazi ya zamu.

Kijana akikasirika kwa kuulizwa hivyo, hilo nalo ni jibu. Akifurahi, akakwambia hajui lakini ataulizia, mshukuru Mungu, umepata mwenzako wa kulea naye. Dini ya mtoto haiwezi kuachiwa nafuu ya kodi. Nafuu inalipa ada. Kumuamsha alfajiri, kumsikiliza akisoma juzuu yake, na kumuonyesha kwamba mama yake hali cha mwenziwe, hayo hakuna serikali itakayoyalipia.

Mwenyezi Mungu awajaalie mabiharusi wetu nyumba zenye kheri na watoto wema. Amin.