Masuke Yaliyobaki Shambani



Je, umepata kuiona picha ya wanawake wanaookota masazo? Ni ya Jean-François Millet, mwana wa wakulima wa Ufaransa. Kwanza aliichora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, tindikali ikaila mistari ile, kisha akaipiga chapa kwa wino. Mwaka 1857 akaionyesha ikiwa ya rangi, na hiyo iko Paris hadi leo.

Wako wanawake watatu. Wawili wameinama kabisa, mikono yatafuta masuke. Wa tatu ameinama nusu. Kwa mbali nyuma yao yanaonekana marundo makubwa ya mavuno. Mavuno ni mengi, lakini si yao.

Nilipoitazama picha ile nilikumbuka shamba langu hapa Haneti. Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema, mtama ukawa haba. Mjane jirani yetu alikuja na kikapu, akaanza kuokota nyuma yetu. Nilimfukuza. Nilimwambia, "Hata sisi hatutoshi." Jioni ile ile tukaingiza ng'ombe wale mabua, na masuke aliyoyaacha yule mama yakaliwa pamoja nayo. Nilimnyima mtu, nikampa mnyama.

Soma Walawi 19. Mwenye shamba anakatazwa kuvuna hadi pembeni, wala asiokote masazo, kwa kuwa ni fungu la maskini na mgeni. Basi si hisani yetu. Naye Boazi alifanya zaidi: aliwaagiza vijana wake wadondoshe masuke kwa makusudi, wala wasimkemee Ruthu. Alimlisha bila kumwaibisha.

Dada yangu, mavuno ya mtama na uwele yakifika, acha pembe moja ya shamba. Mwite mjane na mzee asiye na watoto kabla ng'ombe hawajaingia. Usisimame kumhesabia anachookota. Na watoto wako waone, maana watakuja kuwa na mashamba yao.

Msimu uliofuata nilikwenda mwenyewe kumwita yule mama. Alikuja na kikapu chake, wala hakunikumbusha neno la mwaka uliopita. Lakini mimi hadi leo hujiuliza: usiku ule, watoto wake walikula nini?