Risala ya wasafiri wa Mutaho kuhusu treni ya Gitega hadi Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya uchukuzi, Burundi na Tanzania.

Waheshimiwa,

Sisi wachuuzi, wakulima na wasafiri wa Mutaho, Burundi, tunasema lililo moyoni. Agosti 2025 jiwe la msingi la reli ya kisasa ya kuunganisha nchi zetu mbili liliwekwa Musongati, Burundi, nasi tulifurahi kama wengine. Tumeambiwa habari za nikeli ya Musongati, za gharama ya dola bilioni 2.15, na za tani milioni 3 za madini kwa mwaka. Ila hatujasikia abiria akipangiwa nauli wala saa ya kuondoka. Nikeli hatuionei wivu. Mzigo ndio utakaolipa deni la reli. Lakini njia itakayopeleka mawe baharini inaweza pia kumfikisha mama anayefuata vitenge Kariakoo.

Leo mama huyo hana tiketi ya safari nzima. Hutafuta gari la kumtoa Mutaho, na siku za uhaba wa mafuta nauli hupangwa na mwenye gari peke yake. Akifika Muyinga atafute jingine la Kobero. Mpaka wa pamoja wa Kobero na Kabanga umepunguza foleni, tunashukuru. Hata hivyo, bado atavunja franka kuwa shilingi kwa bei atakayotajiwa mkononi, apakue mizigo, aipakie tena, aulize basi la mbele lipo au limejaa. Likiharibika njiani hana wa kumdai: aliyemkatia tiketi ya kwanza atamwambia yake yaliishia mpakani. Hili ndilo linalotuumiza kuliko urefu wa njia.

Kwa hiyo tunadai, kwanza, reli ifike Gitega. Makubaliano ya Januari 2022 yalitaja Uvinza nchini Tanzania, Musongati na Gitega. Mkataba wa ujenzi wa Januari 2025, wa kilometa 282, unaishia Musongati. Kipande kilichobaki tunakiombea tarehe. Kusema “baadaye” hakutoshi, maana kwa mtu wa Mutaho stesheni ya Musongati ni safari nyingine kabla ya safari.

Pili, tiketi iwe moja, Gitega hadi Dar es Salaam, bila kushuka mpakani. Iuzwe stesheni na kwa simu, kwa franka, kwa pesa za simu za Lumicash, na maelezo yawe ya Kirundi na Kiswahili. Mtambo wa kukatia tiketi usidai kitambulisho cha taifa cha Tanzania wala namba ya simu ya huko. Pasipoti au lesepase itoshe. Treni ikichelewa au ikifutwa, ijulikane mapema nani anarudisha pesa, kwa nchi zote mbili.

Hatuombi muujiza. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa 1976, ilijengwa kuvuka mpaka, nayo imebeba abiria kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kati ya London na Paris, ambako treni za moja kwa moja zilianza 1994, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili kabla ya kupanda, kisha treni haisimami mpakani kwa ajili ya mihuri. Maofisa wetu nao wanaweza kukaa meza jirani Gitega.

Tatu, pawe na behewa la mizigo midogo lenye mizani inayoonekana na bei iliyobandikwa ukutani. Mchuuzi mwenye magunia mawili ya maharage asihesabiwe kama kampuni, wala asiachwe mikononi mwa wapagazi. (Wapagazi nao watafute riziki, ila kwa bei inayojulikana.)

Waheshimiwa, haya yaingizwe kwenye michoro ya stesheni na mitambo ya tiketi sasa, kazi ingali changa. Tunaomba jibu la maandishi, kwa Kirundi au Kiswahili, libandikwe hapa Mutaho, likiwa na mwaka ambao tiketi ya kwanza ya abiria itauzwa Gitega.

Ni sisi, wasafiri na wafanyabiashara wa Mutaho.