Lugha Hujifunzwa kwa Kinywa

Asiyejua lugha itumikayo ofisini au mahali pa biashara hutegemea kinywa cha mwenziwe, naye huenda akapotoshwa asijue. Ndiyo sababu watu wengi hununua vitabu vya lugha za kigeni. Lakini kitabu peke yake hakimfundishi mtu kusema, kama zionyeshavyo habari za watu wawili wa Ulaya katika karne ya 19.

François Gouin, mwalimu Mfaransa, alikwenda Hamburg kujifunza Kijerumani. Alijifungia chumbani akakariri kitabu cha sarufi kwa siku chache, lakini alipokwenda chuoni kusikiliza hakufahamu hata neno moja. Akakariri kamusi nzima. Taabu ikawa ile ile. Aliporudi kwao alimkuta mtoto wa nduguye, wa umri wa miaka mitatu hivi, amekwisha kujua kusema vizuri. Mtoto huyo alikuwa amepelekwa kutazama kinu cha kusagia nafaka; naye nyumbani akafanya mchezo wa kusaga, akitaja kila tendo kwa taratibu yake. Hapo Gouin akatambua ya kuwa maneno hushika moyoni yakifuatana na kazi. Njia hiyo aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1880.

Wa pili ni Heinrich Schliemann, Mjerumani aliyekuwa karani mdogo mjini Amsterdam katika miaka ya 1840. Nusu ya mshahara wake aliitumia kwa masomo. Alisoma Kiingereza kwa sauti kubwa pasipo kutafsiri, akaandika insha, akasahihishiwa na mwalimu, kisha akazikariri. Alipotumwa mjini alichukua kitabu mkononi, na siku ya Jumapili alikwenda katika kanisa la Waingereza, akiyarudia polepole maneno ya mhubiri. Mwenyewe alisimulia kwamba miezi sita ilimtosha.

Basi mkulima na aanze kwa kazi zake: ataje kulima, kupanda, kupalilia na kuvuna kwa lugha anayojifunza, huku mkono ukitenda. Karani na asome kwa sauti kila siku, aandike machache, amwombe ajuaye amsahihishe. Sarufi ina faida yake, nayo ni kunyosha maneno ya mtu aliyekwisha kuanza kusema. Lakini aogopaye kuchekwa atabaki na kamusi kichwani na kinywa kimefumbwa.