TikTok inakufunza kemia, lakini bureti utaishika wapi?

Muulize mwanafunzi wa Kidato cha Nne alielewa wapi hesabu za moli. Wengi watakutajia mwalimu wa YouTube kabla ya yule wa darasani. Na wana sababu. Video unaisimamisha, unairudisha nyuma mara kumi, na hakuna mtu wa kukucheka. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 mbele yake hawezi kukupa nafasi hiyo.

Kwa hivyo tuwachane na hiyo stori ya kwamba simu imeharibu vijana. Shida ni kwamba tumeanza kudhani kutazama ni sawa na kujua.

Chukua Kemia ya KCSE. Ina karatasi tatu, na ile ya tatu, ya maabara, inabeba alama 40 kwa 100. Fizikia na Biolojia ni vivyo hivyo. Kwenye video ya dakika moja, ile rangi ya waridi inapotea chap, muziki unalia, unaweka 'like' na kuskroli. Maabarani uko peke yako na bureti. Matone machache ya ziada yanakuharibia hesabu yote, na hakuna mahali pa kubonyeza urudi nyuma.

Lakini tusiwalaumu wanafunzi pekee. Kuna shule za kutwa ambazo vidato vyote vinagawana maabara moja, na kemikali zinaonekana tu mtihani ukikaribia. Shule za bweni nazo zimepiga marufuku simu muhula mzima, kwa hivyo video inangoja likizo, wakati maabara imefungwa.

Hii si ishu ndogo. Januari 2026 kundi la kwanza la CBC liliingia Gredi ya 10, na serikali ilisema inataka asilimia 60 wafuate mkondo wa sayansi. Sasa hao wote watafanyia wapi majaribio? Kwa bando?

Kama uko shule, tumia video vizuri. Itazame kabla ya somo la maabara, andika hatua zote kwenye daftari, kisha ingia na maswali yako. Na kama maabara yenu haifunguliwi, swali la kwanza mpelekee mwalimu mkuu: tutashika vifaa lini? Wazazi nao waliulize kwenye mkutano wa shule. Hakuna TikTok itakayowaulizia.